Mama Yangu Yuko Hai

Jumatatu asubuhi Kifungo alikuwa anashona kola za sare za shule wakati Mratibu alipoingia darasani na kusema wageni watakuja Alhamisi. Cherehani zote zikanyamaza, isipokuwa ile ya pembeni ambayo gurudumu lake huchelewa kusimama. Mratibu alingoja nalo linyamaze.

"Mwaka jana walimpenda sana Kifungo," alisema. "Wameomba wamsikie tena."

Kifungo akajichoma sindano. Alifunga kidole kwa kipande cha kitambaa ili damu isiguse kola, maana kola ilikuwa nyeupe, kisha akakaa akiitazama ile damu ikijitokeza. Wenzake walimtazama na kurudi kwenye kazi zao. Hakuna aliyempongeza.

Kituo kile hakikuletwa na mtu kutoka mbali. Wazazi wa mtaa ndio waliokijenga, baada ya kuchoka kuwaona watoto wao wakishinda kutwa wameegemea ukuta wa soko. Akina baba walichimba msingi, akina mama walibeba mchanga na maji, na aliyekuja na udhuru alitaniwa mpaka akashika koleo. Walitaka mahali ambapo kijana aliyekatiza shule, binti aliyezaa mapema, na yule aliyetoka jela ambaye hakuna anayemtaka hata kufagia duka, wapate ujuzi wa mikono. Na waliupata. Lisemwe hilo mapema, mtu asije akadhani tunazungumzia matapeli. Nusu ya milango ya mtaa ilichomelewa na vijana wa kituo, na sare za shule zilitoka kwenye zile cherehani.

Ila vitambaa, vyuma, umeme na mishahara ya walimu vilitoka kwa wageni, na wageni walikuja kila mwaka kusikiliza simulizi. Kijana mmoja husimama akaeleza alikotoka, Mratibu hutafsiri, wageni hufuta machozi, na kituo kinaendelea. Sasa, maisha ya vijana wengi yalikuwa na shida za kawaida tu, zile za kuchosha, ambazo mtu akizisikia anapiga miayo. Kwa hiyo Mratibu alikuwa anazipiga msasa kabla.

Tatizo ni kwamba yaliyosimuliwa mbele ya wageni yalitokea.

Wageni waliwahi kuambiwa kwamba kwao Cheche wa karakana ya kuchomelea wanalala bila paa. Jioni ile alirudi akakuta mabati ya chumba chao hayapo. Ya jirani wa kulia yalikuwepo, ya jirani wa kushoto yalikuwepo, na hapakuwa na msumari hata mmoja ulioanguka chini. Mwenye nyumba alikuja, akatazama juu, akasema angalau hewa inaingia. Mwaka uliofuata kijana mmoja wa useremala alisema kwao chakula hupikwa siku moja wakalala na njaa siku mbili. Tangu hapo sufuria ya kwao ilikataa kuchemka isipokuwa siku ya tatu, hata ikiwekewa moto wa namna gani.

Mratibu aliambiwa. Hakushtuka wala hakukana.

"Ndiyo maana nasema sisi hatudanganyi," alijibu. "Mgeni akitaka kuhakikisha, aende akaone."

Wageni walikwenda, wakaona, wakapiga picha.

Kifungo aliitwa Kifungo kwa sababu alipoingia kituoni hakujua kushona chochote zaidi ya vifungo. Simulizi yake ya kweli ilikuwa fupi. Baba alikwenda kutafuta kazi akapata kazi pamoja na familia nyingine. Mama alikuwa anafulia watu nguo, akamsomesha mpaka sabuni ilipomshinda. Basi. Mwaka ule alipochaguliwa, yalikuwa yametokea ya paa na ya sufuria tu, na watu walikuwa bado wanasema ni upepo na kuni mbichi. Mratibu alimsikiliza mpaka mwisho, akakuna kidevu.

"Huyu mama ndiye anayetuharibia," alisema. "Akiwepo, mgeni atauliza, sasa mbona hamsaidii binti yake? Tuseme alifariki ukiwa mdogo. Ni maneno tu, mwanangu."

Akasema hivyo. Alipofika nyumbani jioni alimkuta mama yake ameketi kibarazani amevaa soksi, na jua bado lina ukali.

"Miguu yangu imeingia baridi," mama alisema. "Hebu nishike. Au ndio uzee umenijia bila kupiga hodi?"

Kifungo alimshika miguu. Ilikuwa baridi kama ya kuku aliyekwisha kunyonyolewa. Alijua palepale alichofanya.

Mama yake alikuwa na mikono mikubwa na mdomo mkubwa zaidi. Alikuwa anafua huku akiwatania wapita njia, na mtaa mzima ulijua nani suruali yake imechanika wapi. Baada ya ile simulizi aliendelea kufua, lakini mambo yalianza kupungua. Kwenye foleni ya maji watu walisimama palepale alipokuwa amesimama, wakamkanyaga, kisha wakasema samahani, hatukujua kuna mtu. Alishika pasi ya mkaa kwa mkono mtupu na hakuungua. Chumvi akaacha kuisikia. Mteja mmoja alikuja kuchukua mashuka yake, akampita mama mlangoni, akamuuliza Kifungo, "Mama yako alikuwa anaweka wapi nguo za watu?"

"Alikuwa?" mama akasema kwa nyuma yake. "We mwanamke, nimesimama hapa na shuka lako mkononi!"

Mteja akachukua shuka, akamshukuru Kifungo, akaenda.

Kuna siku Mratibu alieleza kwa furaha kwamba wale wageni, huko kwao, wamekuwa wakiisimulia habari ya yule yatima mwenye cherehani. Watu wanalia sana, alisema. Kifungo alikuwa amekwisha kujua, kwa sababu kila waliposimulia, mama yake aliweka nguo chini, akashika ukingo wa beseni na kungoja ile baridi ipite. Ilikuwa inapita. Lakini kila mara ilimrudisha akiwa mwepesi zaidi, na kamba ya kuanikia ilikuwa imeanza kumpita juu ya kichwa, kana kwamba amepungua kimo.

Hiyo Jumatatu Kifungo alirudi nyumbani mapema na kumwambia mama yake habari za Alhamisi. Mama alimaliza kukamua shati, akalikunjua, akaliacha lianguke tena ndani ya maji.

"Naogopa, mwanangu," alisema. "Nimezoea kufanya mzaha, lakini hili naliogopa. Wakisikia tena kwa kinywa chako, sidhani kama nitarudi."

"Siendi, mama. Nitawaambia naumwa."

"Usiseme unaumwa," mama akasema haraka. "Usiwaambie chochote cha ugonjwa."

Mama akageuka. Mlangoni alikuwa amesimama Mwenyekiti wa wazazi. Yeye na mama yake Kifungo walikuwa wamebeba mchanga wa kituo pamoja, ndoo kwa ndoo, wakiimba nyimbo zisizofaa kusikiwa na watoto. Mwanawe alikuwa kiziwi, na kabla ya kituo watu walimtupia mawe kwa kuwa hakuitika akiitwa. Sasa alikuwa anatengeneza viti, na mtu akitaka kiti cha maana alimtafuta yeye.

Mwenyekiti alikataa kuketi.

"Dada, sikuja kukuua," alisema. "Mungu ananiona. Lakini wageni wasipomsikia Kifungo hawatasaini, na wasiposaini tunafunga. Mwanangu nitampeleka wapi? Niambie wewe, nimpeleke wapi?"

Alikuwa analia bila kujifuta. Mama yake Kifungo akamtafuta mkono, akaushika, na Mwenyekiti akautoa kidogo kwa sababu ya ile baridi, kisha akaona aibu, akaurudisha.

"Ataenda," mama alisema. "Ila nisitajwe. Kwa zuri wala kwa baya. Azungumze habari za cherehani."

"Hutatajwa. Nitamwambia Mratibu mimi mwenyewe."

Akamwambia, na Mratibu akasema sawa kabisa, hakuna shida, kwani yeye ana ugomvi gani na mama wa watu.

Kifungo hakulala vizuri. Kesho yake wakati wa mapumziko alikwenda karakana akamweleza Cheche. Cheche alivua miwani ya kazi. Huyu alikuwa amejifunza lugha ya wageni kwa kutazama filamu, na alikuwa anaijua vizuri kwenye mambo ya kupigana na kutoroka.

"Wewe unaweza usimtaje," Cheche alisema, "lakini anayetafsiri ni nani? Mimi siku ile nilijaribu kusema paa lipo ila linavuja. Nilimsikia kwa masikio yangu anasema halipo. Wanachokisikia wao ndicho kinachokuwa."

"Sasa nifanyeje?"

"Waambie kwa lugha yao. Maneno machache tu, wasiweze kukosea."

Akamfundisha sentensi moja, Mama yangu yuko hai. Kwa lugha ile yalikuwa maneno mafupi, lakini ulimi wa Kifungo uliyakataa mwanzoni. Akayarudia siku mbili nzima akikanyaga cherehani, mguu ukishuka na kupanda, mpaka akaweza kuyasema bila kuyafikiria. Mwalimu wa ushonaji alimsikia. Alikwenda kufunga dirisha la upande wa ofisi.

Alhamisi kituo kilipigwa deki mpaka mlango wa nyuma. Wageni walikuwa wawili, mama wa makamo mwenye kofia pana, na kijana wa kamera aliyekuwa akitabasamu kila alipogeuka. Mgeni yule hakuwa mtu mbaya. Alimsalimia kila mtu kwa mkono, akakalia kiti cha mwanawe Mwenyekiti na kukisifia, na macho yake yalikuwa mekundu kabla simulizi haijaanza.

Kifungo alisimama. Alieleza kwamba alikuja kituoni akiwa hajui chochote zaidi ya kushona vifungo, na sasa anashona sare, magauni na mashati ya kiume, na kwapa la shati la kiume ndilo gumu kuliko yote. Akasema anatamani kufungua duka lake. Hakumtaja mama yake hata kwa bahati mbaya. Akaishia hapo.

Mratibu akatafsiri. Tafsiri ilikuwa ndefu. Ilipofika katikati alishusha sauti na kuweka mkono kifuani, na yule mgeni akafungua mkoba kutafuta kitambaa. Kwapa la shati haliwezi kumliza mtu namna ile. Kifungo akamtafuta Mwenyekiti kwa macho, na Mwenyekiti akainamisha kichwa.

Basi akasema ile sentensi. Aliisema kwa sauti kubwa, kwa lugha ya wageni, vizuri kuliko alivyowahi kuisema kwenye cherehani. Mama yangu yuko hai.

Kamera ilishuka. Mratibu akaondoa mkono kifuani. Yule mgeni alimtazama Kifungo kwa muda. Kisha akainuka, akaja mbele, akamkumbatia kwa nguvu mpaka kofia ikaanguka. Alikuwa analia waziwazi. Alimwekea Kifungo kiganja kifuani, juu ya moyo, akaongea taratibu huku akitikisa kichwa kukubali.

Mratibu akatafsiri.

"Anasema ndiyo, mwanangu. Yuko hai. Ataishi humu moyoni mwako siku zote."

Watu wakapiga makofi. Wazazi wa nyuma walipiga kwa nguvu zaidi, kwa sababu walikuwa wamewahi kuona wageni wakilia, lakini si kwa kiasi kile, na walijua kituo kimepona. Kifungo aliirudia ile sentensi. Akairudia tena, akipiga kelele, na kila alipoirudia mgeni alimkaza zaidi na kusema ndiyo, ndiyo. Alipoachiliwa akatoka mbio, hakuchukua hata viatu alivyoviacha mlangoni.

Viatu vya watu vilikuwa vimejaa mlangoni kwao. Majirani walikuwa wamekaa chini wamejifunika khanga, wanazungumza kwa sauti ya msibani, na mmoja alikuwa amekwisha washa moto wa chai. Mama yake alikuwa katikati yao, ameketi kwenye kigoda. Mikono yake ilikuwa mikavu.

"Walisikia?" mama akauliza.

"Walisikia, mama."

"Ulisema vizuri?"

"Nilisema vizuri. Nilisema uko hai."

"Basi si kosa lako." Mama akawaza kidogo. "Kumbe haliumi. Mwaka mzima naliogopa bure. Nilikuwa naanika, nikasikia kama mtu amezima redio, nikaja ndani, nikawakuta hawa wanalia. Nikajua nimekufa."

Jirani mmoja alimpa pole. Mama akapokea.

Mjumbe wa mtaa aliitwa. Alisema hawezi kuandika kibali cha kumzika mtu anayemjibu, na pia hawezi kumhesabu mtu aliyekwisha kuliliwa. Kwa hiyo mambo yakabaki hivyo. Kwenye foleni ya maji Mama Kifungo hakupewa zamu tena. Zahanati walimwambia kwa upole kwamba hawana dawa za marehemu. Aliendelea kufua, maana wateja hawakuona sababu ya kutafuta mtu mwingine, na mikono yake sasa haikuchubuliwa na sabuni.

Kilichoondoka ni utani. Alikuwa anajibu akiulizwa na kukaa akiambiwa kaa. Mtu alipita na suruali iliyochanika nyuma kabisa, wazi, na mama akamwangalia mpaka akapita. Kifungo aliliona hilo akiwa dirishani. Akaingia ndani, akalia kuliko alivyolia siku ya Alhamisi.

Kituo kilipata ufadhili wa miaka mitatu. Zikaja cherehani za umeme, likafunguliwa darasa la ususi, na vijana waliokuwa wanaegemea ukuta wa soko wakapungua, nalo hilo ni kweli. Mwanawe Mwenyekiti akapata vijana wawili wa kumfundisha. Mwenyekiti alikuwa anapita kwa Mama Kifungo kila jioni, anakaa naye kimya, anaondoka.

Mratibu alikuja kutoa rambirambi, na alipomaliza akampa Kifungo kazi. Atakuwa msaidizi wake, wa kuwaandaa vijana kwa ajili ya wageni, kwa kuwa hakuna kijana aliyewahi kuzungumza vile. Kifungo alikubali. Si kwamba alimsamehe. Aliona akiwa yeye ndiye anayesikiliza kwanza, ataweza kuzuia.

Siku ya wageni wa mwaka uliofuata alikuwa ofisini na binti mmoja wa darasa la ususi, ambaye Mratibu alimchagua dakika za mwisho. Binti yule alikuwa na mtoto mchanga, lakini hakuja naye. Alimwacha kwa bibi yake aliyemlea, mlango umefungwa na pazia limeshushwa, maana mtaani kila mtu alikuwa amejifunza kuficha watu wake wageni wanapokuja. Kifungo akamshika mikono.

"Usiogope," Kifungo alimwambia. "Nataka tuzungumze habari za kusuka tu. Lakini wakikuuliza, nyumbani kwenu kuna nani?"

Binti akatazama mlangoni. Mratibu alikuwa amesimama pale, anafunga vifungo vya koti. Binti akavuta mikono yake, akaificha mapajani.

"Hakuna," alisema. "Mimi sina mtu."

"Usiseme hivyo!" Kifungo aliinuka. "Sema una watu. Sema unao wengi, uwataje kwa majina, sema wanakula na kushiba!"

Binti alimwangalia bila kumwelewa. Alizidi kushika alichokishika, kama mtu aliyeambiwa afungue mlango na mwizi.

"Sina," akarudia, kwa nguvu zaidi. "Sina mtoto wala bibi. Sina mtu yeyote."

"Muache, usimchanganye," Mratibu alisema. "Hiyo hiyo inatosha, hata msasa haihitaji."

Nje, gari la wageni lilikuwa linatafuta kivuli cha kuegesha.